Jua la Meru Liwe Somo kwa Pwani

Wako wasemao kwamba nadharia ya kwanta ni fumbo la wataalamu wa Ulaya, halimhusu mvuvi wala mkulima. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni Meru.

Mwaka 1905 Einstein alieleza kwamba mwanga huja kwa vipande vidogo sana, na kila kipande chaweza kung'oa elektroni. Juu ya msingi huo paneli ya sola hugeuza jua kuwa umeme. Katikati ya miaka ya 1980 shule ya harambee ya Karamugi, Meru, iliacha mpango wa jenereta ya dizeli ikafunga sola. Vijana wenyeji wakafundishwa ufundi. Wakulima wa kahawa wa Meru na Embu wakaona, wakanunua kwa fedha zao. Hawakungoja nguzo za serikali.

Zingatieni: pamoja na paneli palikuwa na mafunzo. Sisi jua tunalo tele, toka Lamu hata Vanga. Basi tusingoje fundi kutoka bara. Mtoto anayehifadhi Kurani asinyimwe fizikia. Jua ni neema ya Mwenyezi Mungu. Kulielewa ni juu yetu.