Mgeni wa Kijani Ukutani

Mwezi huu nina kisa cha hapa hapa Mandewa. Nilikwenda kumjulia hali mzazi mwenye mtoto wa siku tatu. Nikamkuta bibi yake mtoto ameshika kisu, anakwangua kiota cha udongo ukutani, apate unga wa kupaka kitovu cha mjukuu. Mara akatoka mdudu wa kijani na buluu, anang'aa kama kito. Bibi akarudi nyuma. "Muuguzi, huyu ametumwa!"

"Hapana, bibi. Ni nyigu, tena nyumba hii si yake."

Kiota kile hujengwa na nyigu mwingine, mwenye kiuno chembamba kama uzi. Huchota tope, hujenga vyumba, na kila chumba hukijaza buibui aliowapooza kwa mwiba wake. Hutaga yai moja, huziba mlango na kwenda zake. Buibui wale ni chakula cha mtoto atakayeanguliwa.

Ndipo huja huyu wa kijani, ambaye wataalamu humwita Stilbum cyanurum. Tabia yake ni kama ya ndege kekeo, atagaye katika viota vya wenzake. Mtoto wa mwenye nyumba akishamaliza buibui na kunenepa, mgeni hulowanisha udongo, hutoboa tundu, hupenyeza yai lake na kuziba tena. Funza wake akianguliwa humla yule aliyenenepa. Kisha hujisokotea kifuko, hugeuka, na siku moja hutoboa ukuta na kutoka akiwa nyigu kamili.

Je, atatudhuru? La. Mwiba wake ni dhaifu. Akishambuliwa hujikunja kama mpira ndani ya ngozi yake ngumu. Ule mng'ao si sumu, ni mwanga unaorudishwa na ngozi. Basi usipulize dawa ya wadudu chumbani mwa mtoto mchanga kwa ajili yake.

Hatari ni ule udongo. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, na kitovu kibichi ni mlango wazi. Mtoto aliyeambukizwa hushindwa kunyonya, mwili hukakamaa, na wengi hufa. Kitovu kiwe safi na kikavu. Usipake udongo, majivu wala samadi, ila dawa uliyopewa kliniki tu. Na mjamzito asikose chanjo ya pepopunda.

Bibi aliweka kisu chini, akanawa mikono kwa sabuni, akampakata mjukuu wake. Kiota tulikiacha palepale.