Tangi la Kiasi Gani?

Kandokando ya Mlima Meru maji ya visima na mito mingi yana madini ya floraidi kupita kiasi. Kuyachemsha hakuyaondoi. Maji ya mvua ndiyo salama kwa meno ya watoto.

Lakini wazazi wengi hungoja fedha za tangi kubwa, la kutosha hata kufulia. Sisi twasema: pimeni maji ya kunywa na kupikia tu. Watu 6, lita 5 kila mmoja, ni lita 30 kwa siku. Kiangazi cha siku 150, lita 4,500. Tangi la lita 5,000 latosha. Fedha ikipungua, la lita 2,000 litawafaa watoto 2.

Yachemsheni kwanza. Wala msingoje: meno ya kudumu huumbika kabla ya miaka 8.