Wamemnunua Ivan!

Jamani, nisikilizeni. Desemba 1993, huko New York, kampuni ya mnada ya Sotheby's iliuza vifaa vya anga vya Warusi, hadi sanamu Ivan Ivanovich. Ivan alirushwa na Vostok tarehe 25 Machi 1961, siku 18 kabla ya Gagarin. Usoni waliandika MAKET, yaani mfano tu, asije akadhaniwa maiti. Akaenda kwa dola 189,500.

Eti huko ndiko kuhifadhi historia! Muungano wa Kisovieti umekufa 1991, ruble imekuwa makaratasi, mtu anauza vya kwake apate mkate. Mwenye hela akijitokeza hapo, anahifadhi nini kama si njaa ya mwenzie?

Kwa Ivan nanyamaza, maana aliyemnunua alimwazima kwa makumbusho kule Washington, wakamwona hata walalahoi. Lakini kile chombo alichorukia je? Mwaka 2011 kilipigwa mnada New York kwa karibu dola milioni 2.9, na mnunuzi ni Mrusi, akisema anakirudisha kwao. Kwao kulikotoka!

Nanyi wenzangu mnaohangaika na riwaya, acheni kuwaandikia wakusanyaji. Mwandikeni yule aliyeuza.