Sadhu ni "amani", guka ni kichekesho?

Leo sina vichekesho.

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ya sekunde 20. Guka wangu amesimama mbele ya nyumba yake, huko juu ya Runyenjes, Embu, saa kumi na mbili asubuhi. Kofia mkononi, uso kwa mlima, midomo inasonga polepole. Mimi nimejificha nyuma ya mgomba, nacheka. Juu ya picha nikaandika: "Guka akitafuta netiweki." Watu walicheka hadi wakalia.

Wiki mbili baadaye nikaweka nyingine. Sadhu, yaani mtawa wa Kihindu, ameketi kwenye theluji ya Himalaya, amejipaka majivu, macho amefumba. Nikaongeza filimbi. Nikaandika: "Amani ya kweli." Mioyo myekundu ikamiminika.

Rafiki yangu wa Ngara, ambaye ni Mhindu, akaniuliza swali moja tu: "Huyu na guka yako wana tofauti gani?"

Maze, sikuwa na jibu. Ikabidi nisome kidogo, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili.

Kumbe wale watawa si mapambo ya video. Anayeingia utawa kamili, sannyasa, hufanya ibada ya mazishi yake mwenyewe akiwa hai. Jina, mali, familia, vyote anaaga. Na si mambo ya mbali sana. Hekalu la Swaminarayan pale Nairobi, lililofunguliwa 1999, ni la wafuasi wa mtu aliyetoka kwao mwaka 1792 akiwa na miaka 11 tu, akatembea India nzima miaka saba, hadi ndani ya Himalaya. Mimi niliacha chuo, lakini simu sikuiacha hata siku moja.

Halafu kuna mlima Kailash, kule Tibet, mita 6,638. Wahindu wanaamini ni makao ya Shiva. Hawaupandi. Wanauzunguka kwa miguu, kama kilomita 52, kisha wanarudi nyumbani bila kukanyaga kilele.

Lakini kilichonichoma ni Kedarnath, hekalu la Shiva lililo mita 3,583 juu, huko India. Hiyo ni juu kuliko kambi ya Old Moses kwenye njia ya Sirimon. Miezi ya baridi linafungwa, sanamu inashushwa hadi Ukhimath. Mwaka 2023, dada mmoja wa mitandaoni alipiga magoti mbele ya hekalu, akamchumbia mpenzi wake, kamera ikiwaka. Video ikavuma. Mwezi huo wa Julai, wasimamizi wakapiga marufuku simu na picha ndani ya hekalu. Yaani walichoka na watu kama mimi.

Sasa turudi kwetu. Waembu wanaita mlima huu Kirinyaga, na Mungu wanamwita Mwene Njeru, Mwenye weupe. Wazee walijenga nyumba mlango ukitazama mlima. Upande wa Meru, ziwa Nkunga huko Imenti bado linaitwa ziwa takatifu. Na mwaka 1978 Mmeru mmoja, Ephraim M'Ikiara, alipanda Batian, mita 5,199, peke yake, bila vifaa vya wapandaji, ili akasali. Batian, si Lenana tunakopigia picha na bendera. Hebu fikiria angekuwa Mzungu. Si tungekuwa tumeshaona filamu tatu?

Na usiniletee ile stori ati Meru yetu imetoka kwa mlima Meru wa vitabu vya Kihindu. Majina kufanana si undugu. Hatuhitaji cheti kutoka India ndio mlima wetu upewe heshima.

Najua mtasema ya wazee ni ushirikina. Sawa, huamini, usiamini. Mimi mwenyewe sijui naamini nini. Lakini sadhu pia huamini anachoamini, na hukumcheka. Ulimheshimu kwa sababu yuko mbali, na kwa sababu hakuna mtu atakayesema wewe ni wa kwao. Guka anatuaibisha kwa sababu ni wetu. Maoni yangu ndiyo hayo: hatuna shida na imani ya milimani, shida yetu ni ikivaa koti la babu na gamubuti.

Desemba nilienda ushago. Asubuhi nikaamka mapema, nikangoja. Guka hakutoka mbele. Shosho ndiye aliniambia. Vijana wa bodaboda pale stejini walikuwa wakimwona wanapaza sauti: "Guka, netiweki imeshika?" Yeye hana simu ya intaneti, alichukua muda kuelewa. Siku hizi anasali nyuma ya zizi la ng'ombe. Kutoka pale mlima hauonekani.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Ni sawa, mjukuu wangu," kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Hiyo chai ilinishinda kumeza.

Video nimeifuta kwangu, lakini imeshazagaa kwa magrupu, na mimi siwezi kuifikia yote. Kama iko kwa simu yako, ifute leo. Ukitumiwa, usiipeleke mbele. Na wewe wa boda pale Runyenjes, ukimwona, msalimie kama mzee.

Nataka arudi mbele ya nyumba yake.