Neno la Jana Lisitufunge

Wasomaji wetu, iko desturi moja mabarazani ambayo hatuwezi kuinyamazia. Mtu akisimama na kusema, "Nilikosea, leo naona vingine," wenziwe humcheka na kumwita kigeugeu. Kwa kuliogopa jina hilo, wazee walioamua vibaya shauri la mpaka wa shamba la mjane huishikilia hukumu yao hata baada ya shahidi wa kweli kutokea. Husema, "Neno limekwisha kunenwa." Sisi twasema kwamba desturi hiyo ni mbaya, wala haiwapasi Wakristo. Nasi twamleta shahidi kutoka mbali, jaji wa Marekani, naye ni John Marshall Harlan.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1833 katika jimbo la Kentucky. Baba yake alikuwa wakili mwenye watumwa. Mwana naye akasomea sheria, akawa wakili mwaka 1853, akamiliki watumwa vilevile. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, alipigana upande wa serikali ya muungano, lakini si kwa nia ya kuwakomboa watumwa. Hata mwaka 1865, utumwa ulipokatazwa katika Katiba ya nchi, yeye alikuwa miongoni mwa walioyapinga mabadiliko hayo.

Kisha akageuka. Miaka ile makundi ya usiku yalikuwa yakiwapiga na kuwaua watu weusi waliokwisha kuwekwa huru. Harlan alipogombea ugavana wa Kentucky mwaka 1871, aliyalaani makundi hayo waziwazi. Adui zake wakamkumbusha maneno yake ya zamani. Hakuyakana. Alikiri kwamba aliyanena, akajibu kwamba heri awe upande wa haki kuliko kushikamana na neno lake la kwanza. Akashindwa katika uchaguzi; na mwaka 1875 akashindwa tena.

Labda mtu atatuambia, "Aligeuka ili apate cheo." Haya, na tupime. Mwaka 1877 Rais Hayes alimteua kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, na jaji wa mahakama ile hukaa kitini hata afe au ajiuzulu mwenyewe. Tangu hapo hakuhitaji kura ya mtu; angaliweza kunyamaza. Lakini mwaka 1883, majaji wenziwe wanane walipoitangua sheria iliyokataza watu kufukuzwa kwa rangi yao katika nyumba za wageni na vyombo vya safari, yeye peke yake alikataa. Mkewe alisimulia baadaye kwamba mumewe alipokwama katika kuandika, alimwekea mezani kidau cha wino cha Jaji Taney, ambaye mwaka 1857 aliamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Alipokiona, kalamu ikaenda mbio.

Mwaka 1896 likaja shauri la Homer Plessy, aliyekamatwa kule Louisiana kwa kuketi katika behewa la wazungu katika gari la moshi. Majaji saba walisema kutengwa kule ni halali. Harlan peke yake alisema Katiba haitazami rangi ya mtu, na kwamba hukumu ile italeta madhara kama ile ya Taney. Alikufa mwaka 1911, naye hajaona neno lake likikubaliwa. Mwaka 1954 majaji wote tisa wa mahakama ile ile waliamua kwa sauti moja kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja Katiba.

Hatumfanyi kuwa malaika. Katika maandiko yale yale ya mwaka 1896 aliwanena Wachina kwa dharau. Na mwaka 1899 ni yeye aliyeandika hukumu iliyowanyima watoto weusi wa Augusta, katika jimbo la Georgia, msaada juu ya shule yao ya sekondari iliyofungwa. Basi na tujifunze hapo pia: aliyerudi katika kosa moja hajarudi katika yote.

Tutamjuaje basi kinyonga? Kinyonga hufuata rangi ya tawi alilokalia. Mwenye kutubu huliacha tawi lenyewe, hata kama wengine wote wamebaki juu yake. Bwana wetu alisimulia habari za wana wawili: mmoja alikataa kwenda shambani, kisha akajuta, akaenda, wa pili aliitika, asiende. Ni yupi aliyefanya mapenzi ya babaye?

Wazee wetu walinena: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Ninyi mlioliamua lile shauri la mjane, chutameni. Liiteni tena barazani. Aibu ya siku moja itapita, bali shamba lililonyang'anywa yatima watalililia miaka yote.