SAFU YA FUNDI: Betri Hufa Basi Likiwa Limelala



Naingia katika safu yetu ya kila mwaka. Safari hii nazungumzia betri, na hapana budi nianze kwa kujilaumu, maana mwenye kukabidhiwa ufunguo nilikuwa mimi.

Basi letu mnalijua. Lilikuwa la abiria 33. Tukang'oa viti vya nyuma, tukatia vitanda viwili, jiko la gesi, friji ndogo na taa. Nyumba sita zilichanga. Arusi za Birmingham, Idi za London na mapumziko ya pwani ya Wales, kote limetupeleka. Joto likisha, hulazwa uani kwa binamu yangu hapa Northampton.

Usiku mmoja wa Januari 2025 simu ililia: dada mkubwa wa mama mdogo amefariki London, atazikwa kesho baada ya sala ya adhuhuri. Mama mdogo nyonga yake haimruhusu kukaa kitini mwendo mrefu, kwa hiyo tulikubaliana alale kitandani ndani ya basi, apate kumwona dada yake kabla jeneza halijatoka. Saa moja asubuhi watu kumi na tisa walisimama uani na makoti yao. Nikatia ufunguo, nikazungusha. Tk, tk, tk, kisha kimya. Nikapima betri: volti 21.

Kuazima moto kwa gari ndogo hakukufaa, maana gari ndogo ni volti 12 na basi letu ni volti 24. Kusukuma nako hakukufaa, kwani gia zake ni za otomatiki. Wenye kuweza wakajibana katika magari madogo wakaenda. Mama mdogo alibaki juu ya kochi, tasbihi mkononi, na jeneza likatoka bila yeye. Tuliporudi usiku hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, gari imepona?"

Wiki ile ile nilifungua kila kifuniko nimtafute mwizi. Niliwakuta wawili.

Mwizi wa kwanza ni vitu vidogo visivyolala: saa, kumbukumbu ya redio, king'ora cha wezi, na kifaa cha kuandika mwendo. Nilizima kila kitu, nikangoja nusu saa, nikaunganisha mita ya ampea kati ya betri na waya wake wa hasi. (Anayejaribu haya asipige stata mita ikiwa imeungwa, ataiunguza.) Mita ilionyesha sehemu moja ya kumi ya ampea. Mtu atasema, hicho ni nini? Basi tupige hesabu. Kwa saa 24 ni ampea-saa 2.4. Betri zetu ni za ampea-saa 180, kwa hiyo siku 75 zatosha kuzimaliza, na zamani kabla ya hapo huwa haziwezi tena kuzungusha injini ya dizeli iliyopoa kwa baridi. Sisi tulikuwa tumeliacha tangu katikati ya Oktoba. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza.

Mwizi wa pili tulimkaribisha wenyewe. Volti 24 za basi hutokana na betri mbili za volti 12 zilizofungwa moja nyuma ya nyingine. Mmoja wetu, kwa nia njema, alichukua umeme wa friji na taa kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili. Alternata haijui habari hiyo. Yenyewe hutazama jumla ya zote mbili. Ikawa betri moja ina njaa daima, na mwenzake anashindiliwa kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka. Kwa njia hiyo zote mbili huharibika. Ukitaka volti 12 ndani ya basi la volti 24, tia kigeuzi cha kushusha volti, au bora zaidi weka betri ya peke yake kwa mambo ya nyumbani, iunganishwe na alternata kupitia kigeuzi cha kushusha volti, injini inapokuwa inanguruma tu. Hapo friji ikila usiku kucha, betri ya kuwashia haiguswi.

Haya ndiyo tuliyofanya, nanyi mnaweza kuyafuata.

Kwanza, tumefunga swichi kubwa ya kukata umeme wote wa betri ya kuwashia. Basi likilala, nayo huzimwa. Lakini usiizime injini ikiwa inafanya kazi, alternata inaweza kuungua. Na kumbukeni kuwa ukikata umeme, king'ora nacho hulala.

Pili, betri hupungua yenyewe hata ikifunguliwa waya, kwa hiyo tumeweka chaji ndogo ya volti 24, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Chaji ya zamani isiyojipunguza msiiache imeunganishwa wiki nzima, huchemsha betri. Pasipo umeme wa ukutani, kioo cha jua chenye kidhibiti chake hufaa. Huku kwetu wakati wa baridi jua ni kidogo, msikitegemee sana. Jamaa zetu wa Maskati na Dubai jua mnalo la kutosha, ila joto lenu huharakisha betri kupungua na kuchakaa, kwa hiyo nanyi msijione mmesalimika.

Tatu, tunapima kila mwezi, basi likiwa limepumzika saa kadhaa. Volti 25.4 imejaa. Ikishuka 24.8, tia chaji. Ikifika 24.2 imebaki karibu nusu, na kila siku unayoiacha hivyo risasi ya ndani huganda utando mgumu ambao baadaye chaji haiutoi. Tena betri tupu huganda barafu kwa baridi ambayo betri iliyojaa haiisikii, na ikiganda huweza kupasuka.

Nne, tumeacha ile desturi ya kuwasha injini dakika tano uani na kuzima. Stata hula moto mwingi, na dakika tano hazirudishi kilicholiwa. Likiwashwa, liende barabarani saa nzima.

Na vijana wangu, tahadhari. Betri ikitiwa chaji hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo hapana sigara wala cheche. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na hufungwa mwisho. Maji ya kuongeza ni yale yaliyosafishwa, si ya bomba.

Juu ya yote hayo tumeandika zamu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nyumba moja hulitoa basi, hupima volti na kuandika katika daftari lililo chini ya kiti cha dereva. Chombo cha watu sita kisicho na zamu ni chombo kisicho na mwenyewe, nami nililisahau hilo.

Siku mbili baada ya mazishi basi liliwaka, nikampeleka mama mdogo London kwenye khitma. Alilala njia nzima. Tulipofika alishuka polepole, akapigapiga ubavu wa basi kwa kiganja, akaingia ndani kwa wenzake. Januari iliyofuata zamu ilikuwa yangu. Nilipima: volti 25.3.

Tukutane tena mwakani, inshallah.