Ubunifu Haupimwi kwa Wingi wa Uzinduzi

Siku hizi karibu kila ripoti ya mwaka ya kampuni kubwa ina ukurasa wa ubunifu. Humo mna idadi ya programu za simu zilizozinduliwa, mawazo yaliyokusanywa kwa wafanyakazi, fedha zilizotengwa kwa utafiti na wateja waliojisajili. Wenyehisa hupiga makofi na bajeti huongezwa. Imani iliyo nyuma ya ukurasa huo ni kwamba kampuni inayotoa mapya mengi ndiyo inayofanya vizuri kibiashara. Imani hiyo ni potofu na ya gharama kubwa. Takwimu hizo zinaonyesha kampuni imetoa nini mfukoni, lakini kilichorudi hazikitaji.

Kodak ilikuwa na mapya tele. Mhandisi wake, Steve Sasson, aliunda kamera ya kidijitali mwaka 1975, na kampuni ikaendelea kulimbikiza hataza za teknolojia hiyo hadi zikapita elfu moja. Januari 2012 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Hataza hizo, zilizokadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 2, ziliishia kuuzwa kwa takriban dola milioni 525. Nokia nayo ilitumia zaidi ya euro bilioni 5 kwa utafiti mwaka 2010, zaidi ya mara tatu ya bajeti ya Apple mwaka huo. Septemba 2013 ikatangaza kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni M-Pesa, na hata huo tumezoea kuusimulia vibaya, kana kwamba mtambo ulibuniwa, ukawashwa, fedha zikaanza kumiminika. Majaribio yalianza Kenya mwaka 2005 kwa mawakala wachache na wateja kama 500, na lengo lilikuwa kulipia mikopo midogo ya taasisi ya Faulu. Laiti wahusika wangehesabu marejesho ya mikopo peke yake, wangeandika kwamba mradi umesuasua, maana hesabu za vikundi vya wakopaji zilikuwa zikigongana na mtambo. Wao waliangalia watu walikuwa wakifanya nini hasa. Mmoja aliweka fedha kwa wakala asubuhi, akatembea hadi upande wa pili wa mji, akazitoa huko, akiogopa kuporwa njiani. Mwingine alimlipia mwenzake mkopo ili naye alipwe kwa namna nyingine. Wengine waliwatumia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Kutokana na hayo, huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya kutuma pesa nyumbani.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, M-Pesa iliiingizia Safaricom zaidi ya shilingi bilioni 117 za Kenya. Hata hivyo, mstari huo wa mapato hausemi yote. Mteja mwenye akiba yake kwenye laini hahamii mtandao mwingine kwa sababu tu bei ya kupiga simu imeshuka huko. Anayenunua muda wa maongezi kwa M-Pesa haihitaji kadi ya kukwangua, na kampuni hailazimiki kuichapa, kuisafirisha, wala kumlipa msambazaji kamisheni. Faida hiyo hujificha katika mistari mingine ya hesabu, na anayetaka kupima kwa haki lazima aifuate huko.

Huduma hiyohiyo ilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, ikiwa na lengo la wateja milioni 10. Ilifungwa Juni 2016. Waliojisajili walikuwa kama milioni moja, lakini waliokuwa wakiitumia walikuwa kama 76,000. Wengi huko walikuwa na akaunti za benki na mashine za kutolea fedha jirani, kwa hiyo shida iliyotatuliwa Kenya haikuwa shida yao. Kwa kipimo cha kujisajili, milioni moja ni habari ya kusherehekea, na ndiyo maana kipimo hicho ni hatari.

Kuna wanaojitetea kwamba wao wanaangalia mauzo. 3M, kwa mfano, ilijiwekea lengo la kupata asilimia 30 ya mauzo kutokana na bidhaa zisizozidi miaka minne sokoni. Kipimo hicho ni bora kuliko kuhesabu mawazo, ila nacho hudanganyika. Tuseme sabuni ya pakiti mpya imeuza shilingi milioni 100, na milioni 80 kati yake ni za watu walioacha kununua pakiti ya zamani. Mchango wa ubunifu hapo ni milioni 20, na gharama za matangazo bado hazijatolewa. Meneja atakayeripoti milioni 100 anaipotosha bodi, hata kama kila risiti anayo.

Nakubali kwamba ubunifu unahitaji muda na haupaswi kunyongwa kwa matokeo ya robo mwaka. Basi muda huo utajwe mapema. Kabla ya uzinduzi iandikwe ni kitu gani kitabadilika, kwa kiasi gani, na ni lini mradi utafungwa kisipobadilika. Huduma ianze katika miji michache, na mingine inayofanana nayo iachwe ilivyo kwa miezi kadhaa, ili tofauti ya mauzo na gharama ionekane. Na msimamizi wa ghala aliyepanga upya njia za malori akapunguza mafuta ahesabiwe miongoni mwa wabunifu, ingawa hakuna utepe uliokatwa kwa ajili yake.

Mwenyehisa atakayeonyeshwa idadi ya waliojisajili kwenye mkutano mkuu aulize wangapi walifanya muamala mwezi uliopita, na wangapi kati yao wangeleta fedha hizo hata bila huduma mpya. Adai majibu yenye tarakimu kabla hajawapigia kura wakurugenzi wanaoomba kurudi.